Namna ya kuongoza baraza la kusoma riwaya ya watumishi wa nyumbani

Kabla hujakifungua kitabu, amua nani atamimina chai. Naanza na hilo kwa sababu nimeshaona mabaraza ya kusoma yakiharibika hata ukurasa wa kwanza haujasomwa: watu wazima wameketi sebuleni wanawahurumia watumishi weusi wa riwaya ya The Help, kule Mississippi, Marekani, huku dada wa kazi wa nyumba ile anapita katikati yao na sinia, anaweka, anainua, anarudi jikoni. Hakuna aliyemwambia akae. Kwangu Ngamiani, Tanga, chupa za chai na mahamri huwekwa mapema kwenye meza ya pembeni, kila mtu anajimiminia, na tukimaliza tunaosha vyombo pamoja. Mwenye cheo anaosha, mgeni anaosha. Usilitangaze, lifanye tu, na watu watalifuata.

Nilifundisha fasihi sekondari mpaka nikastaafu, na sasa tunasoma barazani kwangu siku za Jumapili, wanawake kwa wanaume. Katika vitabu vyote tulivyosoma, hakuna kilichowachoma watu kama The Help, riwaya ya Kathryn Stockett iliyotoka mwaka 2009. Wapo waliolia, wapo waliogombana, wapo walionuna wakaondoka na wiki iliyofuata wakarudi. Walimu wenzangu wa Muheza na Pangani wameniuliza mara nyingi jinsi ya kuiendesha, na hapa naeleza ninavyofanya.

Saa, mahali na watu

Weka saa nane na nusu mchana. Vyombo vya chakula cha mchana vimeshaoshwa na cha usiku hakijaanza. Ukiweka saa kumi na moja kwa kuwa jua limepoa, hutamwona dada wa kazi hata mmoja, maana ndiyo saa ya kuwasha jiko na kuogesha watoto. Na kama baraza lako halina mtu hata mmoja aliyewahi kufanya kazi ya ndani, subiri kwanza umpate. Hapa Tanga hawakosekani. Tembea Chumbageni, Makorora au Mwanzange asubuhi uone nani anafagia nyua na nani anawapeleka watoto shule. Wengi wametoka Lushoto, Handeni, Korogwe, wengine Pangani.

Usimwalike dada na mwajiri wake katika kikao kimoja. Hata kama wanapendana, mmoja atachunga maneno na mwingine atahesabu. Mwalike dada mwenyewe kwa mdomo wako, kisha nenda kwa mwajiri wake umwombe kwa adabu, huku ukijua moyoni kwamba saa 24 za mapumziko kila wiki ni haki iliyomo kwenye sheria ya kazi. Mwajiri akitaka naye kusoma, mpangie siku nyingine.

Kukaa nako kuna maana. Wote mkekani au wote vitini. Mtaa wetu umezoea mama mwenye nyumba akae kitini na binti ajikunje chini karibu na mlango, na mazoea hayo yatajirudia yenyewe usipoyazuia. Mzee asiyeweza kukaa chini mpe kiti, lakini mweke na kijana kitini pembeni yake.

Simu ziwekwe mbali. Atakayerekodi sauti ya mtu akaisambaza kwenye kundi la WhatsApp la mtaa atakuwa amemwachisha mtu kazi. Liseme hili wazi siku ya kwanza, na ulirudie kila anapokuja mtu mpya.

Riwaya kwa ufupi, kwa ajili ya msimuliaji

Hadithi inaanza Agosti 1962 katika mji wa Jackson, jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Waambie wasikilizaji wako kwamba wakati huo Tanganyika ilikuwa na miezi minane ya uhuru, na kwamba mwaka huohuo ndio aliofariki Shaaban Robert wa hapa kwetu Machui. Wataelewa mara moja kwamba hatuzungumzii enzi za utumwa. Ni jana hii, wakati bibi zao walipokuwa wasichana.

Aibileen ni mwanamke mweusi wa makamo, yaya na mpishi katika nyumba ya Wazungu. Mtoto anayemlea sasa, Mae Mobley, ni wa 17 katika watoto wa Kizungu waliopita mikononi mwake. Mwanawe mwenyewe, Treelore, amekufa kazini akiwa na miaka 24. Rafiki yake Minny ni mpishi hodari ambaye ulimi wake umemfukuzisha kazi nyumba baada ya nyumba, na kwake mume anampiga. Wa tatu anayesimulia ni Skeeter, binti wa Kizungu aliyetoka chuo, anayetaka kuwa mwandishi. Anaanza kukusanya kwa siri visa vya watumishi ili vitolewe kitabu bila majina. Juu yao wote yupo Hilly, mama mkubwa wa akina mama wa Kizungu wa mji ule, anayepigania kila nyumba ijenge choo cha nje cha mtumishi mweusi.

Msimuliaji anapaswa pia kujua mambo yaliyowazunguka. Ubaguzi ule ulikuwa sheria: shule mbali, mabasi mbali, maktaba mbali. Juni 1963, Medgar Evers, kiongozi wa kupigania haki za Weusi, alipigwa risasi nje ya nyumba yake palepale Jackson, na riwaya inalitaja tukio hilo. Na sheria ya Marekani ya mwaka 1938 iliyoweka kima cha chini cha mshahara na saa za kazi iliwaacha nje watumishi wa nyumbani. Hawakuingizwa mpaka 1974. Bila mambo haya, wasikilizaji watadhani Hilly ni mwanamke mmoja mwenye roho mbaya. Hilly alikuwa na serikali nyuma yake.

Kuisimulia

Kitabu ni cha Kiingereza na kina kurasa zaidi ya 400. Usimtwishe mtu. Nakigawa katika vikao vitano: choo, visa vya siri vya watumishi, pai ya Minny, Constantine (yaya aliyemlea Skeeter kisha akaondoka bila mtu kusema sababu), na mwisho wa kitabu. Kila kikao nasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, kama tulivyokuwa tukisimuliwa hadithi, kisha nasoma vipande viwili vifupi nilivyovifasiri mapema kwenye daftari. Usifasiri papo hapo mbele ya watu, utababaika na kipande kitapoa.

Angalia sana sauti utakayompa Aibileen. Mwandishi amewaandikia Aibileen na Minny Kiingereza cha mtaani cha Weusi wa kusini, huku Wazungu wakizungumza Kiingereza cha kawaida, ingawa Wazungu wa Mississippi nao wana lafudhi nzito ya kwao. Jambo hili limewaudhi wasomaji wengi Weusi wa Marekani. Nasi tunao ugonjwa huo: katika vichekesho vyetu, hausigeli lazima aongee Kiswahili cha kuvunjikavunjika ili watu wacheke. Ukimsimulia Aibileen kwa sauti hiyo, dada aliyekaa mkekani atajifunga mdomo na huo ndio utakuwa mwisho wake kuja. Mpe Aibileen Kiswahili cha bibi wa mtaa wetu wa Mabawa mwenye akili zake.

Filamu ya mwaka 2011 waonyeshe mwishoni. Ni nzuri, na Octavia Spencer alipata tuzo ya Oscar kwa kumwigiza Minny, lakini walioianza filamu hujadili nguo na sura za waigizaji, na kitabu hakisikiki tena.

Watakayosema

La kwanza utakalolisikia, kila mara, ni kwamba Wazungu wale walikuwa makatili. Waache waseme. Ni kweli, na mtu ana haki ya kukasirika. Ila usikubali kikao kiishie hapo, kwa sababu hasira juu ya mtu aliye mbali haimgharimu mtu kitu.

La pili, linalofuata upesi, ni hili: "Hayo ni ya rangi. Sisi hapa sote ni weusi, hayatuhusu." Hapa ndipo msimuliaji anapohitaji kuujua mji wake. Wakati wa Mwingereza, Tanga iligawanywa kwa rangi. Raskazone kwenye upepo wa bahari walikaa Wazungu, mjini kati Wahindi na maduka yao, Ngamiani Waafrika. Shule na hospitali zilikuwa mbalimbali, na mishahara ilikwenda kwa rangi ya mtu. Pita Raskazone leo utazame nyuma ya zile nyumba kubwa za zamani: utaona vyumba vidogo vya watumishi, dirisha moja dogo, mlango unaotazama jiko. Na watumishi wenyewe wakati ule wengi walikuwa wanaume, mtu mzima mwenye wajukuu akiitwa "boi".

Tulikuwa na mzee barazani, sasa ni mgonjwa hatoki, ambaye katika miaka ya mwisho ya ukoloni alikuwa kijana wa jikoni kwa meneja Mgiriki wa shamba la mkonge upande wa Muheza. Siku ya kipande cha choo alikaa kimya muda mrefu, kofia ameishika magotini. Kijana mmoja akamwuliza, "Shikamoo babu, na nyinyi mlikuwa na choo mbali?"

"Marahaba. Chetu kilikuwa nyuma ya banda la kuku, mwanangu. Hilo halikuniuma. Wapi kwingine ningeingia?" Akanyamaza, kisha akasema kilichomuuma ni kengele. Ilikuwa ndogo ya shaba, inakaa mezani karibu na chumvi. Bibi wa nyumba alikuwa akiipiga hata yeye mzee akiwa amesimama hatua mbili nyuma ya kiti, na birika mkononi. "Nipo hapohapo, ananiona. Anapiga." Mtoto wao wa kiume, mzee ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni, na yule mtoto alijua Kiswahili kabla ya Kigiriki. Alipofika miaka sita hivi akawekwa mezani na wakubwa, na siku ya kwanza akaachiwa aipige yeye.

Usiharakishe baada ya kisa kama hiki. Usikitolee maelezo. Mimi niliwaachia watu wanywe chai, kisha nikasoma kipande kinachohusu Mae Mobley na hofu ya Aibileen kwamba mtoto huyu naye atakua awe kama mama yake. Aibileen ameshawaona wengi wakibadilika.

Tahadhari moja kwenye habari za rangi. Barazani kwako huenda wamo watu wenye asili ya Kihindi au Kiarabu, na wamo wenye babu waliokuwa na watumwa na wenye bibi waliokuwa watumwa. Pwani hii Pangani haiko mbali, na misafara iliishia pale. Kataza kabisa kauli za "nyinyi Wahindi" na "nyinyi Waarabu". Mtu aseme aliyoyaona kwa macho yake, katika nyumba aliyoingia. Ukiacha mlango huo wazi, watu watatupiana makabila na rangi mpaka Magharibi, na hakuna atakayeulizwa juu ya jiko lake.

Na jiko lake ndilo tunalolitaka. Swali ninaloliuliza baada ya kipande cha choo ni fupi: "Na nyumba yako, kuna kitu gani ambacho dada hagusi, au ambacho ni chake peke yake?" Kisha nanyamaza, na kunyamaza huko ni lazima ujifunze. Mara ya kwanza watu walitazamana. Aliyejibu alikuwa binti wa Lushoto, anayefanya kazi Chumbageni, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa hajafungua mdomo. Akasema, "Kwetu ni kikombe." Kikombe cha plastiki cha buluu, na sahani yake, na kijiko kimoja kilichopinda shingoni. Vinatundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni ili visichanganyike na vya kabatini. Akieleza alikuwa anaonyesha kwa kidole ulipo msumari, juu kidogo ya bega, kana kwamba mlango uko mbele yake. Yeye ndiye anayeonja mboga kwa mwiko kabla haijapakuliwa. Yeye ndiye anayemlisha mtoto kwa kijiko cha kabatini, na mtoto akibakisha, anamalizia yeye. Kikombe tu ndicho kisichoingia kabatini.

Mama mmoja mtu mzima, si mwajiri wake, akasema kwa upole, "Lakini mwanangu, hiyo ni usafi tu. Mtu hujui ametoka na maradhi gani huko kwao."

Sikumjibu. Nilifungua daftari nikarudi kwenye kipande tulichokuwa tumekisoma nusu saa nyuma, sababu anazotoa Hilly za kutaka kile choo: kwamba Weusi wana maradhi tofauti, kwamba ni kwa ajili ya afya ya watoto. Nikakisoma tena, polepole. Yule mama alikisikiliza mpaka mwisho. Alishika kikombe chake cha chai kwa mikono miwili, hakusema neno tena siku hiyo, na nilimheshimu kwa kutojitetea. Kwa hiyo kipande cha Hilly na maradhi kiwe daftarini siku zote, hata kama utafasiri hicho kimoja tu.

Machozi nayo yatakuja, hasa Aibileen anapomwambia mtoto kila siku kwamba ni mwema, ana akili, ni wa thamani. Hakuna mama asiyeguswa hapo. Wape nafasi walie, kisha uliza mtoto wa Aibileen alilelewa na nani mama yake alipokuwa anawaogesha watoto wa wenyewe. Barazani kwetu swali hili ndilo lililowafanya madada wawili watutajie majina ya watoto wao, waliobaki kwa bibi Handeni. Mmoja alikuwa anafanya kazi kwa familia ileile mwaka wa tatu, na mwajiri wake hakujua kwamba ana mtoto.

Pai ya Minny watu wataicheka mpaka washike mbavu. Minny anampelekea Hilly pai ya chokoleti aliyoitia uchafu wake mwenyewe, na Hilly anaila. Wacheke, ni haki yao, hasa madada. Baada ya kicheko waulize mwanamke mweusi aliyemfanyia hivyo mke wa Mzungu Mississippi mwaka 1962 angelala wapi usiku ule. Miaka saba kabla, 1955, katika jimbo hilohilo, Emmett Till, mtoto wa miaka 14, aliuawa kwa kudaiwa tu kumkosea adabu mwanamke wa Kizungu dukani. Hapo ndipo watu wanapoanza kuiuliza riwaya yenyewe maswali, na hapo ndipo ninapopapenda kuliko pote.

Nani asimulie

Maana wapo waliosoma kitabu hiki wakakasirika, na hasira yao lazima ifike barazani kwako. Agosti 2011 filamu ilipotoka, chama cha wanahistoria wanawake Weusi wa Marekani kilitoa tamko la wazi. Walisema riwaya na filamu zimemrudisha yule mtumishi wa kubuniwa, mwaminifu, anayeridhika kuwatunza Wazungu. Zimeyaharibu matamshi ya Weusi. Zimelipita juujuu jambo la wanawake kunyanyaswa kingono na waajiri. Na zimewafanya wapigania haki wa Jackson kuwa kivuli tu. Viola Davis, aliyemwigiza Aibileen na kuteuliwa kuwania Oscar, alisema mwaka 2018 kwamba anajutia, kwa kuwa mwishowe sauti zilizosikika si za wale watumishi. Na mtumishi mweusi wa kaka yake mwandishi alimshitaki mwandishi mwaka 2011 akidai ametumia jina na sura yake bila idhini. Mahakama iliitupa kesi kwa sababu muda wa kushitaki ulikuwa umepita.

Upande wa pili nao usiuminye. Mamilioni walikinunua kitabu hiki, wakiwemo Weusi wengi waliosema wamewaona bibi zao humo. Mwandishi mwenyewe alilelewa na mtumishi mweusi, na mwishoni mwa kitabu ameandika kwamba hakuwahi kumwuliza maisha yake yalikuwaje. Barazani kwetu wengine walisema, "Kama asingeandika yeye, sisi Tanga tungejuaje?" Na mama muuza samaki akawajibu kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Waligawanyika palepale, vijana wengi upande wa mama muuza samaki.

Mimi nina upande, na kiongozi wa mjadala asijifiche nyuma ya kiti. Naona riwaya inafaa kusomwa, na naona mwisho wake umempendelea Skeeter. Yeye anakwenda New York kwenye kazi mpya. Aibileen anafukuzwa, anaondoka kwa miguu, anamwacha mtoto analia, na alichonacho ni safu ya gazeti ya mambo ya usafi wa nyumba na tumaini la kuandika. Uliza barazani: kitabu kile cha siri kilimfaa nani zaidi? Wape madada nafasi ya kwanza kujibu.

Kisha waambie habari za Anne Moody. Huyu ni mwanamke mweusi wa Mississippi, aliyezaliwa 1940, aliyeanza kufanya kazi katika nyumba za Wazungu akiwa mtoto. Mei 1963, palepale Jackson, alikuwa mmoja wa vijana waliokaa kwenye kaunta ya chakula ya Wazungu pekee katika duka la Woolworth, wakamwagiwa haradali na sukari na kupigwa, hawakuinuka. Mwaka 1968 akatoa kitabu cha maisha yake, Coming of Age in Mississippi, kwa kalamu yake mwenyewe. Na katika mgomo wa mabasi wa Montgomery wa 1955 na 1956, watumishi wa nyumbani walikuwa miongoni mwa waliotembea kwa miguu kwenda kazini kwa zaidi ya mwaka mzima. Hawakungoja binti wa Kizungu awafungulie daftari. Nasi tusijione wageni wa habari hizi: huku kwetu, katika miaka ya 1940, wapishi, madobi na watumishi wa nyumbani wa Dar es Salaam walikuwa na chama chao, chini ya Mwingereza.

Wanawake peke yao

Kwa sababu ya lile ambalo riwaya imeligusia juujuu tu, wanawake kunyanyaswa kingono na waajiri, panga kikao kimoja cha wanawake peke yao. Usikiite cha siri, sema tu wanaume wapumzike wiki hiyo. Usimwulize dada yeyote swali la moja kwa moja. Soma lile lalamiko la wanahistoria, sema riwaya imegusia tu, na uache. Atakayetaka kusema atasema, au atabaki nyuma akikusaidia kukunja mkeka, na mara nyingi husema hapo.

Ukiambiwa jambo la kuumiza, kazi ya msomaji imekwisha na ya jirani imeanza. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Akiwa ni mtoto, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, haina malipo. Mfuate mwenyewe mpaka afike, usimwelekeze tu njia. Na usimweleze mwingine yeyote wa barazani, hata rafiki yako wa kufa na kuzikana.

Kikao cha mwisho

Kikao cha mwisho sisi hujadili riwaya nusu saa tu. Muda unaobaki tunasoma sheria, na nimeona watu wakiisoma kwa shauku kuliko hata pai ya Minny. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhusu dada wa kazi kama inavyomhusu karani. Saa za kawaida 45 kwa wiki. Likizo ya siku 28 kwa mwaka, yenye malipo. Mtoto aliye chini ya miaka 14 haajiriwi, hata akiletwa na shangazi yake. Amri ya kima cha chini ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilitaja shilingi 60,000 kwa mwezi kwa dada anayelala kwa mwajiri wa kawaida, na 120,000 kwa anayekuja na kurudi kwao. Viwango hivi hupitiwa upya, kwa hiyo chukua tangazo la karibuni kutoka ofisi ya kazi kabla hujakaa mbele ya watu. Aliyeachishwa kazi bila haki ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai mengine, kama mshahara, ni siku 60. Na kipo chama cha wafanyakazi kinachowapokea, CHODAWU.

Andika haya kwa kalamu kubwa kwenye karatasi ya manila na uibandike ukutani, kisha mwombe dada mwenye sauti nzuri ayasome. Waajiri watauliza maswali mengi: chakula na malazi vinahesabiwaje, akivunja vyombo inakuwaje, nimpe mkataba gani. Jibu unayoyajua na mengine yapeleke ofisi ya kazi. Kwetu waajiri kadhaa waliomba mfano wa mkataba wa kurasa mbili. Nao nimeuweka barazani, anayetaka anaunakili kwa mkono au anaupiga picha.

Baada ya hapo watu watauliza tusome nini. Wape Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi, iliyotoka 1978. Ni ya Unguja, kabla na baada ya Mapinduzi ya 1964, na Kijakazi wa mle, anayemtumikia bwana wake kwa mapenzi yote, atawagombanisha tena. Hii ni ya Kiswahili, kila mtu ataisoma mwenyewe, kwa hiyo tafuta nakala mapema, na umpe dada asiye na nafasi ya mchana kitabu chake kwanza, kwa kuwa yeye atasoma usiku.